Mwanga Ndani ya Kopo



Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi huhesabu posho, kodi ya nyumba, karo ya watoto na nauli. Ni mara chache sana kuhesabu mwanga. Hata hivyo mwanga hununuliwa karibu kila jioni: leo nusu chupa ya mafuta ya taa, kesho mshumaa mmoja wa dukani, keshokutwa senti za kuchajisha taa kwa jirani mwenye umeme. Ni fedha ndogo ndogo, lakini zinatoka katika mshahara ule ule wa mchana, na zinatoka bila ya kuandikwa mahali popote.

Katika ukurasa huu tunaeleza jinsi ya kutengeneza mshumaa nyumbani ndani ya kopo au chombo kilichokwisha kazi yake, jinsi ya kujua gharama yake halisi, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila ya kuunguza nyumba wala mtoto. Mwishoni tutaonyesha mahali ambapo msaada wa mshumaa unakoma na madai yetu ya pamoja yanaanza.

UMEME UPITAO JUU YA MASHAMBA

Iyolwa ni gombolola ya wilaya ya Tororo, katika nchi ya Jopadhola, upande unaoelekea Busia. Wenyeji hulima mihogo, wimbi, mtama na karanga, na wengine huenda kutafuta kibarua viwandani na katika mashamba ya miwa pande zote mbili za mpaka. Mji wa Tororo wenyewe ni mji wa viwanda tangu zamani. Kiwanda chake cha saruji kilianza katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja. Katika miaka hiyo hiyo serikali za Uganda na Kenya zilifanya mkataba wa kuuziana umeme, nyaya zikapita Tororo na kuvuka mpaka.

Basi tangu enzi ya ukoloni umeme umekuwa ukipita juu ya mashamba ya wanyonge kwenda viwandani na mijini, na chini ya nyaya hizo watoto wamekuwa wakisoma kwa tadooba. Hilo ndilo jina la Uganda. Ukivuka mpaka wa Malaba au Busia utasikia ikiitwa koroboi, na Tanzania wanaiita kibatari. Kitu chenyewe ni kile kile: kopo dogo kuukuu, mfuniko uliotobolewa, utambi wa pamba, na mafuta ya taa ndani. Mafundi wa bati wameitengeneza sokoni kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu wa Iyolwa hahitaji kufundishwa kwamba kopo kuukuu linaweza kubeba mwanga. Analijua hilo tangu utotoni.

Lakini tadooba ina maovu yake. Inatoa moshi mweusi unaoingia kifuani na machoni. Ikipigwa teke na mtoto, mafuta humwagika na moto huyafuata. La hatari zaidi ni mafuta yaliyochanganywa na petroli, kwa sababu taa ya namna hiyo inaweza kulipuka mkononi mwa anayeiwasha. Bei nayo haina huruma. Katika miaka ya 1970 Uganda ilipata uhaba mkubwa wa bidhaa. Chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa viliadimika, na magendo ya mpakani yakapanga bei yapendavyo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa shabaha ya kuwazuia wafanyabiashara wanaoyachanganya na dizeli. Mwenye kuchanganya ndiye aliyelengwa, lakini mwenye koroboi naye akalipa.

Siku hizi nyumba nyingi zina taa ndogo za jua, na hilo ni jambo jema. Ila betri huchakaa, siku za mvua taa haijai chaji, na hata penye umeme waya hukatika. Hapo ndipo mshumaa wa kopo unapofaa. Ukizima, nta yake huganda. Haimwagiki njiani kama mafuta, na haiwezi kuchanganywa na petroli bila ya wewe mwenyewe kujua.

KWA NINI KOPO?

Mshumaa wa dukani husimama peke yake. Katika joto la kwetu mshumaa wa nta laini huinama, na ukiwaka penye upepo hutiririka na nusu ya nta hupotea mezani. Ndani ya kopo nta haina pa kukimbilia. Inayeyuka, inakaa pale pale, na mwishowe inawaka yote. Ndiyo sababu hata nta laini, na mabaki ya mishumaa mbalimbali yaliyochanganywa, hufaa katika chombo ingawa yasingefaa kusimama yenyewe.

Lakini si kila chombo kinafaa. Zingatieni haya:

Kwanza, kopo liwe fupi na pana. Kopo refu hufunika mwanga. Kadiri nta inavyopungua ndivyo moto unavyozama shimoni, na utabaki unaangazia dari tu. Kopo la dagaa, la samaki wa dukani au la rangi ya viatu ni bora kuliko kopo refu la maziwa ya unga. Ukiwa na kopo refu tu, likate kwa mkasi wa bati na kukunja ukingo wake usikate mikono.

Pili, chombo kisiwe cha plastiki. Zamani Kimbo iliuzwa katika mkebe wa bati, na mama wengi wana mazoea ya kuutumia mkebe huo kwa kila kazi. Siku hizi mikebe mingi ya mafuta ya kupikia ni ya plastiki. Nta ya moto huilegeza, na moto wa utambi huiwasha.

Tatu, na hili ni kwa ndugu zetu wa mashambani hasa: kopo lililokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au rangi ya nyumba lisiguswe. Hata likioshwa mara kumi, sumu hubaki kwenye mishono ya bati, na moto huigeuza kuwa moshi ambao mtaulala nao chumbani. Kopo la dawa ya mbu ya kupuliza nalo lisipashwe moto, kwa maana hulipuka.

Nne, gilasi nzito au chupa ya jamu yenye mdomo mpana ni nzuri kwa kuwa mwanga hupenya ubavuni. Lakini kioo chenye ufa kitapasuka. Chungu cha udongo kisichopakwa vanishi hunywa nta na chenyewe kinaweza kugeuka utambi. Kifuu na kibuyu huungua.

Mwisho, jaza maji katika kopo ulilolichagua na uliache juu ya karatasi kavu kwa saa moja. Karatasi ikilowa, kopo linavuja. Likiwa zima, lianike likauke kabisa, kwa sababu tone la maji chini ya nta hufanya mshumaa urushe cheche.

NTA NA UTAMBI

Nta hupatikana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mabaki. Vipande vya mishumaa iliyokwisha kuwaka nyumbani na katika nyumba za ibada hutupwa ovyo. Viokoteni kwa ruhusa, mkwangue masizi na mtoe vipande vya kiberiti.

Ya pili ni nta ya parafini, ile nyeupe inayotokana na mafuta ya ardhini. Iligunduliwa mwaka 1830 na mkemia Mjerumani Karl Reichenbach, na tangu karne ile ndiyo imekuwa nta ya kawaida ya mishumaa ya dukani. Huyeyuka baina ya nyuzi 50 na 65 za joto.

Ya tatu ni nta ya nyuki. Wafuga nyuki wengi wa mizinga ya kienyeji hukamua asali na kutupa masega, nako ni kutupa fedha. Katika mizinga hiyo kila kilo 10 za asali huacha kadiri ya kilo moja ya nta. Osha masega, yatie ndani ya gunia jepesi au kitambaa cha pamba, funga, kisha uyachemshe polepole katika sufuria ya maji huku ukiyabana kwa kijiti. Nta itapita kitambaani na kuelea juu. Acha ipoe usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda kama mkate. Itoe, kwangua uchafu ulioshika chini, na uyeyushe tena kuichuja. Nta hii huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, inawaka polepole na inanukia vizuri.

Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa nayo yamewasha mishumaa ya maskini ulimwenguni kwa karne nyingi. Katika kopo yanafaa kwa shida, lakini yananuka, yanatoa moshi, na yanaita panya.

Ama utambi, uwe wa pamba tupu. Uzi wa nailoni huyeyuka na kuacha donge la moto. Ili kuujua, choma ncha ya uzi: pamba huacha jivu laini, nailoni huacha tone gumu. Nchi hii ya Tororo na Busia imelima pamba tangu enzi ya ukoloni, na hata shuka kuukuu ya pamba inatosha kwa kazi hii. Chana vipande vyembamba, au chukua nyuzi, kisha usuke tatu tatu kama msuko wa nywele. Utambi uliosukwa hujikunja kidogo unapowaka, ncha yake huingia pembeni mwa moto na kuteketea yenyewe. Hivyo hautoi moshi mwingi. Uchovye katika nta iliyoyeyuka, unyooshe, uache ukauke kama kijiti.

Unene wa utambi ufuate upana wa kopo. Utambi mwembamba katika kopo pana huchimba shimo katikati na kuacha nta pembeni ikiwa nzima. Utambi mnene katika kopo dogo hutoa moshi na kulichemsha kopo. Kopo la dagaa lenye umbo refu linapenda tambi mbili nyembamba kuliko moja nene. Kabla ya kutengeneza mingi, tengeneza mmoja, uuwashe kwa saa tatu au nne ukiutazama, na urekebishe.

KUYEYUSHA BILA YA KUUNGUA

Hapa ndipo nyumba zinapoungua. Tusome pole pole.

Nta haichemki kama maji ili ikuonye. Inatulia tu huku joto likipanda, na mvuke wa nta ya parafini unaweza kushika moto joto likifika kiasi cha nyuzi 200. Kwa hiyo kamwe usiweke sufuria ya nta juu ya jiko moja kwa moja.

Tumia vyombo viwili. Weka sufuria kubwa yenye maji juu ya jiko la makaa. Ndani yake weka kopo au sufuria ndogo yenye nta, ikae juu ya mawe madogo isiguse chini. Maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka. Tororo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mahali pa juu namna hiyo maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Basi maji ndiyo nyapara wa nta: maadamu yapo, nta haiwezi kupanda ikafika kwenye hatari. Yakikauka, nyapara ameondoka. Yaongezwe kabla hayajakwisha, na yasirukie kwenye nta.

Kazi ifanyike nje au mlangoni penye hewa, si ndani ya chumba cha kulala. Watoto wakae mbali hatua kumi. Nguo iwe ya pamba na si ya nailoni, na miguu iwe na viatu. Kando yako weka mfuniko wa sufuria na ndoo ya mchanga mkavu.

Ikitokea nta imeshika moto, usimwage maji. Maji huzama chini ya nta ya moto, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hurusha nta inayowaka mpaka darini. Funika kwa mfuniko, au mwaga mchanga, na ondoa makaa. Wala usibebe sufuria inayowaka kukimbia nayo.

Nta ikimwangukia mtu mwilini, imwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usibandue nta iliyoshika ngozi. Usipake mafuta, dawa ya meno, yai wala majivu. Hayo huficha joto ndani na kuleta usaha. Funika kwa kitambaa safi, na kama jeraha ni kubwa, au liko usoni, mikononi, au kwa mtoto mdogo, nendeni kituo cha afya bila kukawia.

Kiwandani tunao ulinzi wa sheria. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, Kenya inayo ya mwaka 2007, na mwajiri hawezi kusema hajui. Nyumbani hakuna mkaguzi atakayekuja. Mwenye jiko ndiye mkaguzi, na ndiye atakayelipa.

KUMIMINA

Funga nati au washa ndogo kwenye ncha ya chini ya utambi ili ukae chini wima. Ncha ya juu ifunge kwenye kijiti kinacholala juu ya mdomo wa kopo. Utambi uwe katikati kabisa. Ukiegemea upande mmoja, bati la upande huo litapata moto mkali.

Nta ikiisha kuyeyuka, iondoe kwenye maji, ifute chini isidondoshe maji, iache ipoe kidogo, kisha imimine taratibu. Acha nafasi ya upana wa kidole juu. Ikiganda utaona shimo karibu na utambi, kwa kuwa nta husinyaa inapopoa. Jaza shimo hilo kwa nta kidogo. Acha kopo usiku kucha bila ya kulitikisa, kisha kata utambi ubaki nusu sentimita.

Mwanga wa mshumaa ni mdogo. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga wa mishumaa zaidi ya 50. Kwa hiyo mwanafunzi asiachwe na mshumaa mmoja mbali naye. Simamisha kipande cha bati kinachong'aa nyuma ya mshumaa, na mwanga uliokuwa unapotea ukutani utarudi kwenye daftari.

Kopo likiwaka hupata moto. Liwekwe juu ya tofali au sahani yenye mchanga, si juu ya kitambaa wala gazeti. Nta ikibaki kimo cha sentimita moja, zima. Zaidi ya yote, mshumaa usiwekwe karibu na chandarua. Tororo ni nchi ya malaria na kila mtu ahimizwe kulala ndani ya chandarua, lakini nyuzi za chandarua huyeyuka na kuwaka upesi. Zima kwanza, ndipo ulale.

HESABU YA MFANYAKAZI

Sasa tuchukue kalamu.

Jaza maji katika kopo mpaka pale nta itakapofika, kisha yapime. Nta ni nyepesi kidogo kuliko maji, hivyo uzito wa nta utakuwa kama sehemu tisa katika kumi za uzito wa maji hayo. Kopo lenye mililita 220 huchukua kadiri ya gramu 200 za nta. Mshumaa wa kawaida hula gramu 5 hadi 8 kwa saa. Tukichukua gramu 6, gramu 200 zitawaka saa 33. Nyumba inayowasha saa tatu kila jioni itapata jioni 11.

Gharama ya nta: kilo moja hutoa makopo matano, kwa hiyo gawa bei ya kilo kwa tano. Ongeza utambi. Ongeza makaa. Kopo ni la bure kama ni la nyumbani.

Wengi huishia hapo na kusema wamepata faida. Hapana! Bado hawajahesabu jasho. Tuseme mama ametumia saa tano kukusanya nta, kusuka tambi, kuyeyusha na kumimina makopo 20. Kila kopo limekula robo saa ya maisha yake. Achukue malipo ya saa moja ya kibarua katika mtaa wake, ayagawe kwa nne, na ayaongeze kwenye bei ya kopo. Mnunuzi akija na kusema, "Mama, punguza, hili si kopo la taka tu?" ajibiwe kwa adabu, "Mwanangu, kopo ni la taka, lakini mikono iliyolijaza si ya taka." Tunapodai kiwandani kwamba kila saa ya ziada ilipwe, tusije tukafika nyumbani na kuzifanya saa za wake zetu na watoto wetu kuwa za bure.

Hesabu hii hii pengine itakuambia usitengeneze mshumaa. Nta ya nyuki ina soko. Ethiopia na Tanzania zimekuwa zikiiuza ng'ambo kwa miaka mingi, na wanunuzi wa vipodozi na dawa huihitaji. Mwenye kilo kadhaa za nta safi aulize bei kwanza. Huenda akiiuza atapata fedha ya kununua taa ya jua itakayowaka miaka, kuliko kuichoma kwa majuma machache. Mshumaa wa mabaki ni akiba nzuri ya nyumba. Mshumaa wa nta ya bei ghali huenda ukawa ni kuuteketeza mshahara kwa utambi.

MIKONO NYUMA YA MOTO

Tusisahau pia kwamba mwanga wa dukani umetoka katika mikono ya wafanyakazi wenzetu, na baadhi yao waliulipia kwa miili yao.

Mshumaa hauwaki bila ya kiberiti. Mwaka 1888, katika kiwanda cha viberiti cha Bryant & May mashariki ya London, wanawake na wasichana wapatao 1,400 waligoma. Walikuwa wakikatwa faini kutoka katika mishahara midogo, na fosforasi nyeupe waliyoishika ilikuwa ikiozesha mifupa ya taya zao. Hawakuwa na fedha wala elimu nyingi, lakini walisimama pamoja. Faini zikaondolewa, nao wakaunda chama chao. Fosforasi ile ilikuja kupigwa marufuku Uingereza kwa sheria ya mwaka 1908.

Mtu asidhani hayo ni ya kale tu. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, katika mji wa Mayfield, jimbo la Kentucky, Marekani, wafanyakazi zaidi ya 100 walikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha mishumaa, wakijaza maagizo ya msimu wa Krismasi. Tahadhari ya kimbunga ilikuwa imetangazwa. Kimbunga kikaja, jengo likawaangukia, na baadhi yao wakafa. Walionusurika wengine walieleza kwamba walipotaka kwenda nyumbani walitishiwa kufukuzwa kazi, kampuni ilikana. Huko ni Marekani, nchi tajiri, na bidhaa ni mshumaa, kitu cha kunukiza sebule. Swali la nani ana haki ya kuondoka mahali pa hatari ni lile lile katika kila kiwanda.

MWANGA NI SEHEMU YA MSHAHARA

Kwa hiyo basi, ndugu wafanyakazi, tengenezeni mshumaa wa kopo kwa busara. Uwe akiba ya usiku wa giza. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa tunajua kujisaidia, basi hatuhitaji kitu. Mwajiri anayewaweka wafanyakazi katika kambi zisizo na taa, huku ofisi na maghala yake yanameremeta usiku kucha, amehamisha gharama ya mwanga kutoka kwake na kuitia mfukoni mwa kibarua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha ya kutosha kwa nyumba. Nyumba ambayo mtoto hawezi kusoma ndani yake baada ya jua kuchwa inafaa kwa nani?

Jambo la kufanya ni hili. Kila mwanachama aandike katika daftari, kwa mwezi mmoja, kila senti aliyotumia kwa mwanga: mafuta, mishumaa, chaji, betri, kiberiti. Aandike pia ni nyumba ngapi katika layini yake zina umeme na ngapi hazina, na kama katika mwaka uliopita mtu ameungua kwa taa au mshumaa. Madaftari hayo yapewe mwakilishi wa wafanyakazi kazini, naye ayafikishe kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Mezani mwajiri huja na hesabu zake zimepigwa chapa. Nasi twende na zetu, hata kama zimeandikwa kwa mwanga wa kopo.

Umoja ni nguvu.